Vibuyu Vilivyofika Muleba Vimejaa

Niliondoka Ijuganyondo Jumamosi asubuhi kwa sababu moja tu: kumwokolea mdogo wangu Deo uchumba wake. Safari ya kwanza, tulipopeleka Muleba rubisi, pombe ya ndizi, kwa ajili ya posa, gari langu liliyumba mpaka pombe ikafura na kumwagika njia nzima. Shangazi, aliyekaa nyuma na vibuyu, alilowa chapachapa. Baba wa binti alivitikisa vile vibuyu nusu, akavikataa mbele ya ukoo wake.

"Kama pombe tu imewashinda," alisema, "binti yangu mtamfikishaje?" Akatupa nafasi moja ya kurudi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kabla ya kurudi nililipeleka gereji Bukoba mjini. Fundi alikandamiza boneti kwa mikono miwili, gari likadunda na kudunda. Aliyeniuzia alikuwa ameliinua kwa spesa, vipande vya kuongeza kimo juu ya springi, ili lionekane la kibabe, huku shokapu zimekufa na matairi ni vipara.

"Dada, hapa umenunua kitanda cha springi," fundi alisema.

Akazitoa spesa, gari likashuka. Akafunga springi, bushi na shokapu mpya, na matairi mapana yenye meno. Nilipolijaribu kwenye kona za mjini nilicheka peke yangu kama mwehu.

Jumamosi hiyo ya safari ya pili, Shangazi alipanda akiwa amevaa koti la mvua, na jua linawaka. Roho iliniuma kidogo, lakini ningemlaumu kwa lipi?

Kuanzia Kemondo lami ilinyooka, gari likatulia. Kwenye kona za Muhutwe nilishika usukani kwa raha. Halikulala upande wala kupepesuka. Deo aligeuka nyuma kutazama vibuyu kila baada ya dakika moja.

"Acha kuvitisha," Shangazi alimwambia. Akafungua vifungo vya koti.

Baada ya Muleba mjini tuliiacha lami. Mvua ilikuwa imechimba makorongo barabarani, na hapo ndipo pombe ilipomwagika zaidi mara ya kwanza. Nilipita polepole. Magurudumu yalipanda na kushuka, sisi tukabaki tumetulia. Shangazi alikuwa anakoroma!

Ukweni tulipewa kahawa ya kutafuna, kisha baba wa binti akazibua kibuyu cha kwanza. Rubisi ilikuwa imefika shingoni. Cha pili, shingoni. Akaenda nje, akalizunguka gari, akaliegemea kwa uzito wake wote. Halikutikisika.

"Waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya, "siku ya harusi binti yangu apande hili hili."

Deo alilia hadharani. Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Wakati wa kurudi niliwaza jinsi nilivyopenda lile gari refu la kutazamwa, kumbe raha ya gari ni kuaminiwa na waliomo ndani. Karibu na Kemondo Shangazi alishtuka: koti amelisahau ukweni.

"Tugeuze?" nilimuuliza.

"La nini tena?" alijibu, akaegemea kiti na kufumba macho.