Heshima Iliyosimama Mlangoni

Kuna siku moja naikumbuka kuliko hata ile niliyooa, mwanangu. Nakusimulia wewe, mke wa kijana wangu, kwa sababu hapa bomani Kosele tumebaki sisi wawili tu.

Nilikuwa na mwaka mmoja katika ndoa. Mke wangu alinituma Kisegi nimpelekee mama yake mahindi, maana kiharusi kilikuwa kimemlemaza upande mmoja. Nilimkuta peke yake, ameketi ukingoni mwa kiti, anataka kuinuka. Akaninyooshea ule mkono mzima. Nami, kijana wa miraba minne, nikabaki mlangoni na kofia mkononi. Mama mkwe haguswi, ndivyo nilivyolelewa. Nikatoka mbio kutafuta mwanamke jirani, na wote walikuwa ufuoni wakianika omena, vile visamaki vya ziwani. Niliporudi na mmoja, mama alikuwa sakafuni, leso imemvuka, analia bila sauti.

Alipoketishwa, akaniambia kwa ulimi mzito, "Ora," yaani mkwe, "heshima yako nimeiona. Lakini nimeanguka nikikutazama." Aibu ile sijaimaliza mpaka leo.

Sasa ni zamu yangu, kiharusi kimenishika nami. Unajua kila Jumanne naenda Rongo kwa yule mama wa sindano za Kichina. Mara ya kwanza aliponichoma begani, kwenye kiwiko na mguuni, nilijiona nimekuwa nungunungu. Kumbe ni nyembamba, wala haziumi kama zile za hospitali. Akizitoa, mkono unalegea, na vidole vinafunguka kidogo. Lakini aliniambia wazi kwamba sindano peke yake haitoshi, na si kila mtu inamsaidia. Nisiponyooshwa na kutembezwa kila siku, nitakakamaa tena. Vidonge vya presha pia nisiviache.

"Nyumbani nani anakunyoosha, mzee?" aliuliza. Nikamdanganya kwamba mko wengi.

Ukweli ni kwamba ikifika Alhamisi vidole vimeshajifunga. Wewe unaleta uji, unauweka vizuri mlangoni, unapiga goti, unaondoka. Hujanikosea, umefunzwa vizuri. Ila tangu mama mkwe wako afariki, hakuna aliyenigusa isipokuwa yule wa Rongo, naye ni kazi yake. Mimi ni mpweke, mwanangu. Kuna Jumanne nyingine naenda huku nikijua sindano hazitanisaidia. Nataka tu kushikwa mkono.

Basi nakuasa, nawe uje uwaambie wanao: mkwe akiugua, muulize kwanza anataka heshima gani, kisha umpe hiyo. Msimwachie mgonjwa kiti na uji mkadhani mmemtunza. Nimeshaongea na mume wako kwa simu, naye hana neno.

Leo nimetoka Rongo, mkono bado umelegea. Kesho ukileta uji, usiishie mlangoni. Ingia, vuta kigoda, uninyooshe vidole hivi, kimoja kimoja, polepole. Ukiona haya, nami nitakuwa naona haya, kwa hiyo nitatazama dirishani.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Na siku utakayonyoosha mkono wako ukiomba kuinuliwa, asiwepo mtu wa kusimama mlangoni na kofia mkononi.