Boliti Iliyoizuia Injini

Saa nne asubuhi, mnyororo umekaza hadi unalia, lakini injini ya trekta haitoki.

"Basi, basi! Acha!" anafoka Polepole, fundi wa miaka hamsini na nane. Mkewe anaacha kuvuta. Hao wawili ndio karakana nzima: uwanja wa nyuma ya nyumba, jeki mbili, magogo, sanduku la spana na miti mitatu iliyofungwa pamoja kileleni ili kubeba uzito.

Trekta ni la dada yake fundi, mjane aliyesomesha watoto wanne kwa kuwalimia majirani nalo. Injini ilianza kugonga, kisha ikazima kabisa. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshapita mara mbili kulichungulia, hana hata haya.

"Nikivuta kwa nguvu nitapasua kasha la gia," anasema fundi. "Likipasuka, dada hana trekta tena."

Dada amekaa juu ya tairi. "Kaka, kama haiwezekani sema tu. Usije ukaumia kwa ajili yangu."

"Subiri, nafikiri."

"Ohoo! Wifi, huyu akianza kufikiri, chakula cha mchana tutakila jioni," anadakia mkewe.

Polepole ana mazoea yake: kila boliti anayoifungua huirudisha kwenye tundu lake, isipotee. Amefanya hivyo miaka thelathini na moja, na wateja humsifu kwa hilo.

Mkewe anaingia uvunguni na tochi. Mara sauti yake inapasua uwanja.

"Wewe! Hii ya chini si umeikaza tena!"

Fundi anashika kichwa. Kumbe mkono ulirudisha boliti ukaikaza kabisa, injini ikabaki imeshikwa na kasha la gia.

"Lo! Mazoea yana taabu," anasema, akichukua spana.

Wanavuta tena. Injini inachomoka taratibu na kuning'inia hewani. Fundi anapapasa kasha la gia pande zote. Halina ufa.

"Afadhali! Jamani, afadhali!" Dada anacheka huku machozi yanamtoka. Polepole anakaa chini palepale kwenye oili.

Anataka kuitengeneza injini na kuirudisha kabla ya mvua za kwanza. Mkewe ameshaleta kopo la kuwekea boliti zote.

Ile ya chini haimo. Dada ameifuta kwa pindo la nguo yake, akaifumbata.

"Hii nakaa nayo," anasema. "Siku ya kuifunga, kaka, utaniita nije nayo pamoja na jembe la trekta, nikalime."