Nyumba ya Oloo Isiyo na Dirisha

Kuna mafundi, halafu kuna Oloo wa Kambi Muru, kule Kibera. Oloo akitoka kwake asubuhi, nyundo mkononi na misumari mdomoni, kabla chai ya jirani haijachemka nyumba ya mabati imesimama, mpangaji ameingia, na ameshaanza kugombana na mkewe humo ndani. Watu husema nusu ya Kambi Muru ni kazi ya mkono wake. Hiyo nusu nyingine ilijijenga yenyewe kwa kumwogopa.

Nyumba hizo zilibanana mno. Jirani akiota ndoto mbaya, wewe ndiye unayepiga kelele. Oloo na mkewe Akoth walilea watoto wao wote katika chumba kimoja, na mtu akitaka kugeuka kitandani, kwanza aliitisha mkutano.

Lakini kwao, upande wa ziwa, Oloo hakuwa na hata kibanda. Alikuwa na shamba tu, alilopewa na babake kando ya barabara. Jambo hilo halikumkosesha usingizi mpaka binamu yake Osewe alipofariki. Osewe naye hakuwa amejenga, na huko kwao mtu mzima hazikwi bila nyumba yake, kama aliyeanguka kutoka hewani. Basi vijana wakamjengea nyumba mbio mbio, maiti ikalazwa humo udongo ukiwa bado mbichi, halafu ikazikwa. Nyumba safi kabisa, na mwenyewe hakuwahi kuvua viatu ndani yake.

Akoth alirudi kutoka matangani akiwa kimya. Akoth akinyamaza, hilo ni jambo la kuitia daktari. Walipofika Kambi Muru ndipo akafungua mdomo.

"Baba Jeremy, umejengea watu mpaka panya wa Kibera wanakujua kwa jina. Wewe unangoja ufe ndio ujengewe?"

"Mimi? Mimi nitalala kwangu nikikoroma!"

"Basi huko kukoroma kuanze na msingi."

Kumbe siku hizi huwezi kuinua nyumba ya matofali kando ya barabara hivi hivi, hata kama ni kijijini. Kaunti inataka kibali, na kibali kinataka ramani. Oloo akaenda Kawangware kwa Irungu, mchoraji ramani mwenye meza yake juu ya duka la kinyozi.

"Haya mzee, nipe picha ya nyumba yako," Irungu akasema.

"Vyumba vinne, mlango mmoja wa chuma. Ukuta ufike mpaka mwisho wa shamba. Usiache nafasi hata ya mende kupita. Ukiacha nafasi, watu wanajenga."

"Na madirisha?"

"Ya nini? Jirani aone napika nini?"

Irungu akakuna kichwa. Lakini mteja ni mteja, akachora.

Katika ofisi ya kaunti, kule kwao, afisa wa ujenzi alikuwa msichana wa umri wa binti yake, jina lake Mitchelle. Aliitazama ramani, akaigeuza juu chini, akaangalia hata nyuma ya karatasi.

"Mzee, hii ni nyumba ama ni sanduku?"

"Ni nyumba, madam."

"Siwezi kuipitisha."

Moyo wa Oloo ukashuka mpaka kwenye soksi. Alidhani anajua dawa. Mkono ukaingia mfukoni polepole, kama wa mtu anayewashwa. "Labda madam tungeona vile tunakunywa chai…"

"Toa huo mkono kabla haujakuletea shida. Chai nimekunywa. Niambie, jirani wako wa karibu ni nani?"

Oloo akafikiri. "Upande huu ni mahindi. Upande ule ni ng'ombe wa Oketch."

"Na ng'ombe wa Oketch akijua umepika nini, atakufanya nini?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Oloo hakucheka. Aliangalia mikono yake. Miaka yote ilikuwa imejenga ikisukumana na watu, na sasa watu hawapo, bado inasukuma.

Mitchelle akalegeza sauti. "Mzee wangu, siwezi kutia muhuri nyumba ambayo mtu hawezi kupumua ndani yake. Sogea mbali na barabara, acha nafasi pande zote, uweke madirisha. Na usimwachie mchoraji wa Nairobi. Nenda na mama msimame hapo shambani, muulizane mnataka kuona nini."

Kuona nini! Swali hilo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza fundi Oloo.

Akoth akaja shambani na kigoda chake. Akakiweka kwenye nyasi, akaketi.

"Hapa naona njia. Weka dirisha. Nataka kuona mgeni anakuja na kuku ama mikono mitupu, nijue kama nitakuwa nyumbani."

Akahamisha kigoda. Huku aliona ziwa liking'aa kama bati jipya. Dirisha. Akahamisha tena.

"Hapa namwona mke wa Oketch."

"Hilo nalo dirisha?"

"Dirisha kubwa."

"Mama Jeremy, tunajenga nyumba ama chujio?"

"Na wewe, unataka kuona nini?"

Oloo akazunguka shamba lote, akasimama, akazunguka tena. Mwishowe akaketi chini pale kitanda kitakapokuwa, akageukia mashariki.

"Nimeamshwa na redio za watu maisha yangu yote," akasema. "Nataka jua liniamshe."

Irungu akachora upya. Mitchelle akatazama madirisha yale mengi, akacheka, akapiga muhuri. Muhuri ulilia mpaka ng'ombe wa Oketch akasahau alikuwa akicheua nini.

Oloo akaanza kujenga. Kuta zilipofika kifuani, mikono yake ikasahau, ikaziba lile dirisha kubwa kwa matofali.

"We Baba Jeremy! Umeniibia dirisha!"

Oloo akayatoa matofali moja moja, chokaa ikiwa haijakauka. Nyumba haina paa wala mlango, lakini Akoth akaingia, akaegemeza viwiko vyake kwenye nafasi ile, akampazia sauti mke wa Oketch:

"Nyar ber, binti mwema! Mvua inakuja, na nguo zako bado ziko kwa kamba!"