Baridi Niliyoiandika

Ningemkatalia mkuu wa kituo asubuhi ile, leo ningekuwa mzee mwingine. Aliweka kidole kwenye rejista, akaniambia: "Papa, hawa wa kifua uandike namba ya baridi. Vumbi haina namba."

Nilikuwa mwandishi wa kituo kidogo cha afya msituni Walikale, wakati wa vita. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na kazi yangu ilikuwa kumpa kila mgonjwa namba ya ugonjwa wake. Dawa na shauri vilifuata namba. Vumbi kweli halikuwemo katika orodha. Kulikuwa na mstari wa "mengineyo", lakini aliyeutumia alitakiwa kueleza, na mkuu aliogopa kueleza. Wenye bunduki waliokaa mlimani walikula kutokana na machimbo ya mawe ya bati.

"Wakisikia vumbi inauwa, watauliza nani anataka kufunga kazi," alisema.

Nikakubali. Nikaandika baridi.

Mdogo wangu, niliyekimbia naye kutoka Nyabiondo, alikuwa anatwanga mawe pale machimboni chini ya bashi, yaani turubai. Alipoanza kukohoa nilimwandika kama wengine. Alipewa vidonge, na mimi kaka yake nikamwongezea shauri la baridi: afunge bashi pande zote, upepo usimpige. Akafunga, akaendelea kutwanga humo ndani. Kila mtwangaji aliyekuja nilimwambia vilevile, na wakazidi kuja.

Siku moja mama mmoja muoshaji wa mawe alikuja kufungwa kidonda cha mguu. Alinisikia nikiwashauri watwangaji, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Papa mwandishi, hii baridi yako iko na akili! Inakamata wenye kukauka mu bashi, inaacha siye wenye kushinda mu maji sawa vyura?"

"Mama, njo vile kitabu inasema."

"Basi kitabu njo inakohoa!"

Benchi zima likacheka. Nami nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Wagonjwa walipokwisha nikatoa fishi zote za kifua, yaani kadi za wagonjwa. Juu ya kila fishi nilikuwa nimeandika kazi ya mtu. Nikaziweka mafungu mawili, watwangaji huku na waoshaji kule. Fungu la watwangaji lilipanda mpaka likaporomoka. La waoshaji lilikuwa fishi nne, na mmoja wao alikuwa mvuta tumbako.

Nilizifunga katika mfuko pamoja na orodha ya namba, nikaenda mpaka hospitali kubwa ya ziwani, kwa miguu na kwa pikipiki. Kwenye kizuizi askari aliuliza nilichobeba.

"Vikohozi, kaka."

"Pita navyo! Hapa tuko na vyetu."

Daktari alizisoma akiwa amesimama, kisha akaketi, kisha akawaita wenzake. "Nani alikufundisha kupanga hivi?"

"Mama mwenye kuosha mawe."

Alichukua orodha yangu, akaongeza mstari kwa mkono wake: kifua cha vumbi, na namba yake, na muhuri juu. Akasema hakuna dawa ya kulitoa vumbi lililokwisha kuingia. Mawe yamwagiwe maji kabla ya kutwangwa, bashi zifunguliwe, wanaokohoa waache kazi ile.

Mkuu alipoona muhuri alisimama wima. "Sasa haiko mimi, iko docteur!" Tukapanda mlimani pamoja. Nilimwambia kamanda wa wale wenye bunduki maneno machache: mtwangaji aliyekufa hatwangi. Aliitazama ile karatasi, akatema mate, akasema, "Mumwage maji."

Sijaona tena siku kama ile. Bashi ziling'olewa moja baada ya nyingine, akina mama wakapandisha ndoo kutoka mtoni kwa vigelegele, na mawe yakatwangwa yakiwa yameloa, bila wingu. Watwangaji wapya walikuja kwangu na vidonda, na malaria, lakini si na kile kikohozi. Vituo vingine, mpaka Masisi, viliomba namba yetu. Mimi mwenyewe nilivinakilia.

Mtu wa kwanza niliyemwandika kwa namba hiyo alikuwa mdogo wangu. Mapafu yake yalikuwa yamekwisha kujaa. Alikufa nyumbani kwangu kabla ya mavuno ya maharagwe. Alikuwa amejifungia na vumbi kwa neno langu, kwa sababu nilikuwa kaka yake na nilijua kusoma.