Mbuzi wa Mkamwana

Bibi Odeta, akisema neno, limepita. Alivuka kutoka Burundi kuja Tanzania mwaka wa sabini na mbili, kikapu kichwani na mtoto mgongoni. Aliacha nyumba, ng'ombe na kila kitu, ila miiko ya kwao hakuiacha. Na mwiko wa kwanza ulikuwa huu: mwanamke hali nyama ya mbuzi. Akila, ataota ndevu na kuwa mbishi kama mbuzi mwenyewe.

Sasa mwanawe Leonidasi akaenda kuoa wapi? Nyamigogo, kwa Wasukuma, ambako wanawake hula mbuzi mpaka supu ya kichwa. Huyo mkamwana, Happyness, kidevu chake kilikuwa laini kabisa. Bibi alisema ndevu zinachelewa tu, subirini.

Masika ile wakimbizi wa Rwanda walipomiminika kupitia mpaka wa Rusumo, wengi walikuja na mifugo yao, na mbuzi wakauzwa sokoni Kibimba kwa bei ya kutupa. Happyness naye akapika. Hapo Bibi akaapa mbele ya majirani kwamba siku mwanamke wa ukoo wake akionja mbuzi, yeye atamkabidhi mkamwana jiko na hatafungua tena kinywa humo. Majirani walikipokea kiapo hicho kwa furaha kubwa mno.

Basi asubuhi moja Happyness alibandika mafiga haya chungu cha mbuzi, na yale maharage ya mama mkwe, akaenda mashineni kusaga mahindi. Bibi akabaki na Keza, mjukuu wake wa kike wa miaka mitano. Mvua ikashuka, we! Haikuwa na adabu hata kidogo. Paa la nyasi likavuja juu ya maharage, moto wake ukazima. Wa mbuzi, wapi, uliendelea kuwaka.

Bibi alisinzia kidogo tu. Aliposhtuka, Keza alikuwa ameketi kando ya chungu, mashavu yanang'aa mafuta, ameshika kidevu kwa mikono miwili, analia.

"Bibi, zimeanza kuota?"

Bibi alitaka kucheka, kisha akakumbuka kiapo. Jiko lake! Akamfuta mtoto mdomo haraka, akafukia mfupa majivuni, akamwambia anyamaze, hakuna atakayejua. Lakini Keza hakuogopa kujulikana. Aliogopa ndevu. Alilia mpaka kwikwi zikamkaba, na roho ya Bibi ikauma, maana hofu ile aliipanda yeye mwenyewe. Angeweza kusema ni uongo, lakini amwambie mtoto kwamba mama yake, na mama wa mama yake, wote walikuwa waongo? Akatafuta hila.

Alimweleza Keza kwamba ndevu zina heshima, huanza kwa mkubwa. Bibi akila, zitamjia yeye na kumwacha mtoto. Akachukua kipande kidogo, kwa ajili ya mtoto. Akachukua cha pili, kwa ajili ya mtoto. Kufika cha nne, Mungu amsamehe, alikuwa amemsahau kabisa mtoto. Miaka sitini na kitu, na kitu kitamu namna hii wanaachiwa wanaume! Alikasirika, akala cha tano. Keza akawa anacheka, anampapasa kidevu na kukuta vinywele vitatu vilivyokuwapo siku zote. Mvua ilinyesha, wao walikula.

Happyness alirudi jioni, ameloa chapachapa, unga ameufunika kwa turubai. Akafunua chungu, akakuta mchuzi mtupu. Akamtazama mama mkwe. Bibi alikuwa amekwisha kuandaa paka wa kusingiziwa, paka wa jirani, mweusi; lakini Keza alimwahi.

"Mama, Bibi ameila yote ili nisiote ndevu!"

Nyumba ya jirani ilikuwa hatua chache tu, na Happyness angeita mara moja watu wangejaa, mvua au si mvua. Bibi alilijua hilo, akainamisha kichwa, aibu imemshika mpaka masikioni. Lakini Happyness hakuita mtu; alipiga magoti pale kwenye maji yaliyovuja.

"Mama, kesho nipike nini?"



"Jiko ni lako," Bibi alisema. "Mbuzi. Ila upunguze chumvi."