Fundi wa Taa Alipoitwa Mfiwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ngazi na kitambaa. Mkuu wa Umeme wa ukumbi ule wa mtaa wa Ruwi, mtu wa Unguja mwenye ulimi mkali, alinionyesha taa zilizoning'inia juu ya jukwaa akasema, "Zipanguse zote. Ukimaliza utajua kila moja inaangalia wapi." Nilidhani ananidhalilisha. Nilishuka shingo ikiniuma, na kweli nilikuwa nazijua.

Vijana mnaoendesha taa kwa kompyuta hamtaniamini. Sisi tulikuwa na dima, yaani vishikio vya kupandishia na kushushia mwanga, kila taa na chake, na ukipungukiwa mkono ulitumia goti. Mbele ya taa tulitia jeli, karatasi ngumu ya rangi, nayo ikiungua ilinuka mpaka mlangoni. Lakini somo kubwa la Mkuu lilikuwa giza.

"Makofi unayaita wewe, Nassor," aliniambia. "Ukizima, watu washajua imekwisha. Ukichelewa, mchezaji anabaki pale kama mgeni asoagwa."

Tuliliita giza la kufunga. Nililipiga miaka yote: Ruwi, kisha kwenye ukumbi wa skuli moja chini ya Msimamizi wa Jukwaa aliyekunywa kahawa na kufoka, kisha serikalini, chini ya Mkurugenzi asiyeweza kupambanua taa na birika. Kazi ilinifaa. Fundi wa taa hukaa kibandani nyuma ya watu, haonekani wala haulizwi.

Kwetu pia hatukuulizana. Baba aliuliwa Unguja wakati wa mapinduzi, na sisi tukakimbilia huku ng'ambo, kwa Waarabu, bila kumuwekea matanga. Dada yangu, Da Thuwaiba, alikuwa mtoto wa miaka tisa, naye aliona. Mimi nilikuwa mchanga. Mama alisema siku ile nilikuwa kwa shangazi. Dada hakupata kusimulia hata neno. Mimi sikuwa na hata sura ya baba kichwani, na nilitamani mno kujua alikufaje kabla dada hajatangulia mbele ya haki.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ililetwa na Mwongozaji mmoja kijana. Ulikuwa mchezo wa mtu mmoja: bibi wa Kiyahudi anaeleza jinsi alivyojificha kabatini, mtoto mdogo, akamuona baba yake anauliwa uani, zama zile Manazi walipokuwa wakiwaangamiza Mayahudi wa Ulaya. Mwongozaji aliutia Kiswahili kwa ajili ya familia zetu, akakodi ukumbi mdogo mtaa wa Ansab, na akamchagua Da Thuwaiba, aliyesoma michezo redioni kwa miaka mingi.

Jamaa walinung'unika. "Mayahudi wametuhusu nini sie?"

"Mtoto alioona kaona," dada aliwajibu. "Niacheni."

Kila tulipofanya mazoezi, alikwama pale pale. Sentensi ya mwisho ilikuwa: "Nilimuona baba yangu akianguka." Alifika "nilimuona" akanyamaza.

"Bibi anasahau," Mwongozaji alininong'oneza. "Nimbadilishe?"

"Hajasahau," nilisema. "Muache." Nilikuwa na hakika kwamba akiitamka hadithi ile ya watu, na yetu itatoka.

Siku yenyewe, baada ya Alasiri, ukumbi ulijaa wazee wa Unguja na Pemba, wanawake kulia na wanaume kushoto. Dada alikaa kwenye kiti kimoja, nami nikampa taa moja isiyo na jeli. Alisimulia saa nzima na hakuna aliyekohoa. Mwisho akanyanyua uso, akatazama moja kwa moja kule kibandani.

"Nilimuona baba yangu akianguka."

Nikazima. Giza langu lilikuwa safi kuliko yote niliyowahi kupiga. Hapakuwa na makofi.

Nikawasha. Dada alikuwa bado kitini, machozi yanamtiririka. Wanawake wakainuka mmoja mmoja, wakapanda jukwaani, wakampa mkono na kumbusu kichwa kama inavyofanywa msibani. "Pole, mwanangu. Mungu akupe subira." Nao wanaume walisimama upande wao wasijue waende wapi, maana mkono wa tanzia mwanamme humpa mwanamme.

"Wanafanya nini hawa?" Mwongozaji alinifokea sikioni kwenye vyombo vya kusikilizia nilivyovaa. "Giza, Nassor! Wape giza tena, wapige makofi!"

Mzee mmoja mwenye bakora akageuka akaita kwa sauti, "Mwanamme wa kufiwa yuko wapi? Hana ndugu huyu?"

Nilivua vile vyombo. Katika kazi yangu yote sikupata kupita mbele ya watu taa zikiwaka, lakini siku ile nilipita kati yao. Nilisimama chini ya jukwaa, nikanyoosha mkono. "Mimi hapa," nilisema. "Ni baba yetu." Walinipa mkono wote. "Ahsana Llahu azaakum," yaani Mungu akupeni faraja njema. Nililia kama mtoto, na sioni haya kukwambieni.

Mwezi ule nikastaafu. Mwongozaji alisema sikufuata amri, na alisema kweli. Nyinyi mnaoifanya kazi hii sasa, fuateni amri, lakini tazameni watu kwanza ndipo mguse kitufe.

Sasa nakaa Hail, na dada hunijia kila Ijumaa. Husimulia kidogo kidogo: rangi ya kanzu ya baba, jinsi alivyomuashiria kwa mkono asitoke. Kabati lilikuwapo kwetu pia. Ijumaa iliyopita aliweka kikombe cha kahawa chini akasema mama alitudanganya.

"Hukuwa kwa shangazi wewe. Ulikuwa mapajani mwangu, mle kabatini. Ulitaka kulia, nikakuziba mdomo. Nilikuziba mpaka walipoondoka. Ulishaacha kufurukuta, Nassor. Nilidhani nimekuua."

Kiganja chake kilikuwa juu ya mkeka. Nilikichukua nikakiweka juu ya mdomo wangu, asikie kwamba napumua.