Mjomba alivyoahidi ng'ombe wawili kwa rupia ya Mjerumani: kisa changu cha kuuza sarafu za zamani mtandaoni

Wakuu, salamu kwenu nyote, mliolala njaa na mlioshiba.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza humu wapi auze sarafu za zamani online kwa bei ya haki bila kupigwa. Nilianza kumjibu mistari miwili, nikaona haitoshi. Hili nimelipitia mwenyewe Songea, na siongezi chumvi maana lilikuja na ya kwake.

Sasa hivi niko Tunduru, nimefuata korosho. Kabla ya hapa nilikuwa Mbinga, na kabla ya Mbinga hata sikumbuki vizuri. Miguu yangu haijawahi kutulia. Ila kichwa kikipumzika kinarudi Lizaboni, pale pale Songea, miaka ile biashara imefunguliwa, mitumba imejaa kila kona, na mjini kumeanzishwa intaneti kafe.

Vijana hamtaelewa. Ulikuwa unalipia nusu saa, na robo yake inaishia kusubiri ukurasa ufunguke. Dada wa pale, Editha, anasimama nyuma yako kama msimamizi wa mtihani.

Turudi kwenye mada.

Mjomba wangu Kastori alifiwa na mke zamani. Uzeeni akampenda Mama Fausta, mjane wa Ruhuwiko, muuza vitumbua. Mama Fausta naye hakukataa. Kikwazo kikawa kaka zake, walitaka mahari ya heshima, na mjomba hakuwa na hata kuku wa kueleweka.

Alichokuwa nacho ni kopo la maziwa ya unga lenye sarafu alizoachiwa na bibi, yaani mama yake mzazi. Ndani kulikuwa na rupia moja ya fedha ya Mjerumani, imetobolewa pembeni kwa sababu bibi aliivaa shingoni. Nyingine zote ni senti kumi za Mwingereza, zile za shaba zenye tundu katikati. Hizo zilitoka kiwandani na tundu lake. Wazee walizipitisha kamba wakafunga kiunoni, ndiyo pochi yao.

Nikampeleka kafe. Tukafungua tovuti ya mnada. Picha ikawa inashuka taratibu kutoka juu, kwanza kofia ya mfalme, halafu paji, halafu masharubu.

"Huyo! Huyo ndiye wa mama! Na kofia yake ile ile!" Mjomba kasimama, kafe nzima inatuangalia.

Chini ya picha kukawa na bei. Editha akatubadilishia kwa shilingi. Mjomba akakaa chini pole pole.

Nikamwambia, "Mjomba, hiyo ni bei anayoitaka muuzaji. Hakuna aliyenunua bado."

"Mpwa wangu, mtu aliyesoma hawezi kuandika uongo kwenye kompyuta, kila mtu anaona."

Wakuu, jioni ile ile alimtuma mshenga Ruhuwiko akaseme kuwa bwana harusi ataleta ng'ombe wawili. Wawili! Waliomba mmoja.

Mimi nikaweka sarafu kwenye skana ya Editha, nikatuma picha kwenye jukwaa la wakusanyaji. Akanijibu mzee mmoja wa Ujerumani, mpole kabisa. Akasema rupia ni halisi, ila imetobolewa, na tundu limeshusha bei sana.

Nikamfikishia mjomba habari hiyo, halafu nikapata lifti ya lori la kahawa nikaenda Mbinga. Kosa langu ndilo hilo, kumwacha na kopo.

Narudi, namkuta anacheka peke yake.

"Shikamoo mjomba. Kulikoni?"

"Marahaba. Tatizo la tundu limekwisha."

Alikuwa amelipeleka kopo zima Bombambili kwa fundi wa redio na masufuria. Fundi akamuuliza, "Mzee, nizibe ipi?" Mjomba akamjibu, "Ziba zote, usiniachie tundu hata moja."

Na kazi, wakuu, ilikuwa safi! Kila senti kumi imezibwa kwa risasi, imepigwa msasa, inang'aa kama kitako cha sufuria mpya.

"Mjomba, hizi zilizaliwa na tundu!"

"Sasa kama tundu moja lilimshusha Mjerumani, hizi zenye tundu katikati kabisa zingetufikisha wapi? Shukuru nimewahi."

Nikaziweka kwenye skana tena, nikatuma. Mzee wa Ujerumani akarudisha maneno mawili tu: "Kwa nini?"

Kesho yake akaandika kwa kirefu. Rupia sasa ina thamani ya fedha iliyomo basi. Senti kumi hazina tena mnunuzi. Lakini, akasema, tangu aanze kukusanya hajawahi kuona senti kumi isiyo na tundu, kwa hiyo atachukua moja akawaonyeshe wenzake. Akanielekeza pia niangalie bei za sarafu zilizokwisha kuuzwa, nijionee kuwa hanipunji. Nikaangalia. Kweli hakunipunja.

Tukamtumia rupia na hiyo senti kumi moja kwa posta, pesa ikaja kwa benki. Ikatosha beberu mmoja.

Siku ya kwenda Ruhuwiko nilichukuliwa nikawaeleze wakwe huo mnada wa kwenye kompyuta ulivyokula ng'ombe wao. Nilieleza hadi koo likakauka. Kaka mtu akasema, "Kwa hiyo ng'ombe walikuwa kwenye picha?" Mshenga akainamisha kichwa.

Shangazi wa bibi harusi akaomba aione mojawapo ya hizo sarafu zilizozibwa. Akaigeuza, akaikodolea macho, akacheka mpaka akatolewa nje kupata hewa. Kaka watu wamejikaza, wamenuna, midomo inawacheza.

Ndipo Mama Fausta akasema kutoka chumba cha ndani, kwa sauti ya kuita wateja wa vitumbua:

"Beberu mpokeeni, na mwenyewe mpokeeni. Ila kuanzia leo, bei ya kitu chochote naitaja mimi."

Mjomba akajibu haraka, kabla hata padre hajauliza: "Nimekubali!"

Mpaka leo ukifika kwao kununua hata debe la mahindi, ukimuuliza mjomba bei, anakwambia, "Subiri nimwite mwenye bei."

Nilichojifunza, wakuu: mwenye sarafu asizibe, asisugue, asinyooshe. Piga picha pande zote mbili, ipeleke kwanza kwenye jukwaa la wakusanyaji wanaobishana wao kwa wao, ndipo uende mnadani. Ukienda, soma bei za vilivyonunuliwa, achana na bei za kutamani. Ukinunua ni hivyo hivyo, na inayong'aa sana iulize maswali.

Na usiahidi mifugo kabla pesa haijaingia.

Wenye visa vya makopo ya bibi zenu, tupieni hapa. Na kama kuna mwenye senti kumi isiyo na tundu, naomba aseme aliipata wapi, maana yule fundi alibaki na chache, akaziita chenji yake.